Mwalimu Gwantwa na Mjusi wa Kichanga

Baba Mchungaji, wazee wa ushirika, walimu na wanafunzi mliosafiri kutoka Tunduma, ndugu zetu mlioteremka kutoka milima ya Ileje, jamaa mliovuka mpaka kutoka Nakonde, na ninyi wenyeji wa Kichanga mliotupa maji ya kunywa kabla hatujaomba, familia inawashukuru kwa kuja, na inawaomba radhi kwamba viti vimekwisha, kaeni hata mchangani, maana marehemu mwenyewe hakuwahi kuona aibu kukaa mchangani. Anayewasomea ni Osea, mdogo wake aliyeachiana naye ziwa, fundi pikipiki wa Mkwajuni, ambaye tangu utotoni alizoea kusomewa na dada yake, na leo mambo yamegeuka.

Marehemu Mwalimu Gwantwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kijiji cha Ibaba, wilayani Ileje, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa mzee wetu na mama yetu, wote wametangulia, na alibatizwa siku ya Pentekoste ya mwaka huohuo. Ilikuwa nchi ya migomba, ukungu na udongo mwekundu unaong'ang'ania miguu, ambako mtu aliweza kuzeeka bila kuona mchanga mwingi kuliko ule wa kusugulia sufuria. Kwa sehemu kubwa alilelewa na bibi yetu mzaa mama, Bibi Gwalugano, aliyemfundisha kulima, kusali, na kunyamaza kwanza mbele ya kitu asichokijua. Inakumbukwa jinsi alivyorudi siku moja kutoka shamba la kahawa na kinyonga amemkalia begani, mashangazi wakatimka, jembe huku, mtoto kule, na bibi peke yake akabaki amekaa, akamwuliza mjukuu wake huyo mgeni ameona nini huko njiani, kwa kuwa jicho moja linatazama mbele na lingine nyuma. Tangu siku hiyo tulijua kwamba nyumbani kwetu kuna mtu asiyeogopa vitambaavyo, na sisi wengine tukapata kazi ya kudumu ya kukagua vitanda kabla ya kulala.

Alisoma Shule ya Msingi Ibaba kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana Loleza, Mbeya, akamaliza kidato cha nne mwaka 1986 na cha sita mwaka 1989, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, kisha mwaka 1990 akajiunga na chuo kikuu Dar es Salaam, ambako alihitimu mwaka 1993 shahada ya sayansi na ualimu. Januari 1994 aliajiriwa kufundisha biolojia katika sekondari moja mjini Vwawa, na mwaka 1999 alihamia Tunduma, akafundisha hapo mpaka ugonjwa ulipomshika. Wanafunzi wake walio hapa ni mashahidi kwamba darasani kwake hakuna aliyeruhusiwa kuandika jambo alilokuwa hajalitazama, na kwamba adhabu yake kubwa ilikuwa kumketisha mkorofi nje ya darasa mbele ya kichuguu, arudi aeleze alichoona, na wengi walirudi wakiwa wamesahau kwamba waliadhibiwa.

Mwaka 1996, katika mkutano wa Pasaka Mbozi Mission, alikutana na Ndugu Danford, wakala wa forodha wa Tunduma, mzaliwa wa hapa Kichanga, na tarehe 28 Juni 1997 walifunga ndoa takatifu Ileje, wazee wetu wakinung'unika kwa adabu kwamba binti wa baridi anapelekwa kwenye familia ya joto. Shemeji Danford aliahidi mbele yao kwamba hatamnyima mkewe blanketi wala ruhusa ya kwenda porini, na ahadi zote mbili alizitimiza, ingawa ya pili ilimgharimu ndoo zake zote nzuri, maana kila aliyefungua ndoo katika nyumba ile ilibidi kwanza abishe hodi.

Katika ndoa yao Mungu aliwajalia watoto watatu. Mmetazamana, na familia imewaona, kwa sababu wote mmewazoea wawili, Lucky aliyezaliwa mwaka 2000 na Erica aliyezaliwa mwaka 2004, na kwa miaka yote hiyo dada yetu aliitwa Mama Lucky. Kabla ya Lucky alikuwepo mtoto wa kike. Mimba ya kwanza ilipokaribia, marehemu aliletwa hapa Kichanga akae na mama mkwe wake, Bibi Anastazia, na hapa alijifungua tarehe 19 Novemba 1998, na mtoto yule aliishi siku nne. Kwa desturi ya wazee wetu, mtoto anayeondoka kabla hajatolewa nje na kupewa jina huzikwa na kina mama peke yao, bila matanga, bila historia kusomwa, na mama aliyemzaa haonyeshwi mahali, ili moyo wake usibaki huko nyuma ukashindwa kumpokea mwingine. Haikuwa ukatili, ilikuwa namna yao ya kuhurumia, na Bibi Anastazia aliifuata kama alivyofundishwa. Dada yetu alijua jambo moja tu, kwamba udongo wa pale kijijini ulikuwa umekauka kama tofali, na kwamba kina mama walielekea upande wa tuta la mchanga, kwenye wepesi wa kuchimba.

Tuta hilo ndilo hili lililo nyuma yenu, ambalo wazee husema lilikuwa ufukwe wa Ziwa Rukwa zamani ziwa lilipokuwa na nguvu, refu, jeupe, linalohama kidogo kila kiangazi upepo unapolisukuma. Kila alipokuja ukweni marehemu alipanda kulitembelea peke yake, na watu waliamini mwalimu anapunga upepo, na shemeji Danford, aliyejua, hakumfuata wala hakumwuliza. Dada yetu alituambia baadaye kwamba hakuwa akitafuta kaburi, maana mchanga hauweki alama, alikuwa anatembea tu juu yake ili mtoto asikie nyayo.

Tarehe 8 Oktoba 2011, tulipokuja kumzika baba mkwe wake, marehemu alipanda tuta saa sita mchana, saa ambayo hata kuku huukimbia mchanga ule, akakaa chini ya kitenge chake, na mbele ya miguu yake mchanga ukafumuka wenyewe. Akatoka mjusi mwembamba wa rangi ileile ya mchanga, asingeonekana kama asingesogea, akasimama juu ya moto ule akiinua mguu wa mbele wa kulia pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha akibadilisha, polepole, kama mtu anayecheza ngoma asiyoisikia mwingine, na vidole vyake vya nyuma vilikuwa na meno laini pembeni kama kitana, ndiyo maana hakuzama. Halafu akavimbisha koo, na koo likageuka buluu ya moto wa jiko la gesi. Marehemu alikuwa ametazama mijusi ya nchi hii, milimani na bondeni, kwa miaka kumi na saba pamoja na wanafunzi wake, na huyu hakumjua. Alikumbuka mafundisho ya bibi yetu, akanyamaza, na alituambia kwamba kitu alichokisikia kifuani hakikuwa furaha, kilikuwa hofu ile ya mtu aliyeingia kanisani akidhani hamna mtu. Upepo ulipogusa kitenge, mjusi alitumbukiza kichwa na kuzama mzimamzima, na mchanga ukajifunga juu yake ukawa kama haujaguswa tangu kuumbwa.

Aliporudi uani alimwuliza mama mkwe wake wanamwitaje mjusi yule wa mchangani, na Bibi Anastazia, akipepeta mtama, akajibu kwamba huyo wanamwona kila kiangazi akikimbiakimbia, wanamwita mjusi tu, mjusi atakuwa na jina gani zaidi? Hapo ndipo dada yetu alipoipata kazi ya maisha yake, kuthibitisha kwamba yule si mjusi tu, na kazi hiyo ilimchukua karibu miaka kumi na miwili.

Ilianza kwa aibu, na kwa kuwa yeye mwenyewe aliisimulia akicheka, tunayo ruhusa. Mwaka 2013, baada ya kupata kibali, alimkamata mmoja ili ampeleke kwa mtaalamu wa mijusi wa chuo kikuu, Dokta Ferista, na kwa kuwa spiriti ya maabara ya shule ilikuwa imekwisha, akavuka Nakonde akanunua kachasu, pombe kali ya jirani zetu, akamtia mjusi chupani. Mtu wa ushirika wetu alimwona akivuka mpaka na chupa ile, na wiki haikuisha kabla hajaitwa mbele ya baraza la wazee. Mzee Barnaba, uliyekiongoza kikao hicho na leo uko nasi, unakumbuka aliposimama akasema, "Wazee wangu, chupa nimenunua kweli, lakini aliyekunywa ni mjusi, na yeye si mshirika." Kikao kilifungwa kwa sala, na baadhi ya wazee walishindwa kuitikia amina kwa sababu ya kicheko. Lakini kachasu ile ilikuwa imeongezwa maji, na kifurushi kilipofunguliwa Dar es Salaam, Dokta Ferista alipiga simu kusema kwa heshima zote kwamba kwa jinsi kilichomo kilivyooza hawezi kuapa kama ni mjusi au ni dagaa. Dada yetu hakumlaumu, alisema angekuwa yeye angesema hivyohivyo. Alichokililia ni kwamba amekiua kiumbe kile bure, na kwa misimu miwili hakugusa mwingine.

Oktoba 2016 Dokta Ferista alikuja mwenyewe, na wanawake wale wawili walilala kifudifudi juu ya tuta kila adhuhuri chini ya kitenge kimoja, mpaka ikavuma kwamba walimu wameona dhahabu, vijana wakaja na makarai yao kutoka hata Mkwajuni, na Osea anayewasomea hana budi kusema kwamba karai mojawapo alilitambua. Siku mjusi alipotoka na kuliwasha koo lake, Dokta Ferista, msomi aliyetazama mijusi katika nchi nyingi, alimshika mwenzake mkono asiuachie, na vijana wenye makarai wakasimama, hakuna aliyeamrishwa. Safari hii walipiga picha kwanza, wakahifadhi wawili kwa dawa inayofaa, wakachukua kipande cha mkia kwa ajili ya vinasaba, na hapo ikaanza subira ya kuwalinganisha na ndugu zao wote waliohifadhiwa katika makumbusho ya mbali, subira ambayo ugonjwa wa korona ulikuja kuirefusha.

Kumbe tuta halikuwa na subira hiyo. Kuanzia mwaka 2021 malori yalianza kuja kuchukua mchanga wa ujenzi, na kila likizo marehemu alilikuta tuta limekuwa fupi upande wa kaskazini, na akapima kwa macho, na akajua kwamba malori yatafika kusini kabla majibu hayajafika. Alisimama katika mkutano wa kijiji, na mwenyekiti wetu Ndugu Eliakim, ambaye hakuwa na ubaya wowote, alimwuliza swali la haki, "Mwalimu, tunajenga zahanati, tunajenga madarasa, sasa tuache kwa ajili ya mjusi?" Naye akajibu, "Sisemi msijenge, mwenyekiti. Naomba msubiri apate jina. Kitu kisicho na jina hakina wa kukililia." Waliokaa nyuma walicheka. Kina mama wazee waliokaa mbele hawakucheka, na Bibi Anastazia aliinamisha kichwa. Mkutano ulimpa nusu ya kusini kwa muda, na shemeji Danford, anayejuana na madereva wa mpakani mmoja mmoja, alitumia Jumapili nyingi kuwabembeleza wasivuke mstari, na tunawashukuru kwamba wengi walimsikia.

Tarehe 17 Mei 2023 kazi yao ilichapishwa, na dunia ikakubali kwamba mjusi wa Kichanga ni wa aina yake peke yake, na kwamba kwa kadiri ijulikanavyo haishi mahali pengine popote isipokuwa katika tuta hili. Mtafakari kidogo jambo hili, ndugu waombolezaji, kwamba Mwenyezi Mungu alikuwa na kiumbe mmoja mwenye moto wa buluu shingoni, na kati ya nchi zote alizoziumba akamweka hapa, kwenye mchanga ambao sisi tulikuwa tunauona ni wa kuchanganyia saruji. Kwa utaratibu wa wanasayansi, jina la kwanza la mjusi ni la ukoo wake, na la pili huchaguliwa na waliomtambua, na Dokta Ferista alimwachia mwenzake achague. Hakuomba muda wa kufikiri. Jumamosi tarehe 10 Juni 2023, mbele ya mkutano wa kijiji, Dokta Ferista alisoma jina hilo la pili, nalo ni Gwalugano.

Sisi wa Ileje tulipiga vigelegele, tukamwambia kila aliyekuwa karibu kwamba hilo ni jina la bibi yetu mzaa mama, na Osea alikwisha kutoa simu awajulishe waliobaki nyumbani. Ndipo Bibi Anastazia akainuka na fimbo yake, akapita katikati ya watu bila kuomba njia, akamshika mkwewe mkono, wakatoka. Osea aliwafuata kwa mbali akidhani bibi anaumwa. Walikwenda polepole hadi mwisho wa kusini wa tuta, kwenye kichaka kile mnachokiona, na bibi akachomeka fimbo mchangani akasema, "Ni hapa, mwanangu. Ulimwita jina hilo mara moja, umempakata, nikasikia. Nimelinyamazia kama tulivyofundwa, lakini kama sasa linasomwa mkutanoni, mimi ni nani wa kuendelea kunyamaza?" Marehemu alikaa chini palepale, na bibi akakaa naye, mpaka jua lilipopinda. Siku ile kulikuwa na mawingu, na mjusi hata mmoja hakutoka. Nyuma yao mkutano uliendelea, na mwenyekiti Eliakim alipendekeza mwenyewe kwamba tuta lote lifungwe na mchanga uchotwe mtoni, na mikono ikanyooshwa, lakini dada yetu alizipata habari hizo jioni.

Katikati ya mwaka 2024 alianza kulalamika maumivu ya tumbo na mgongo, akatibiwa katika hospitali ya Mbozi Mission, kisha akapelekwa Mbeya, ambako iligundulika kwamba ana saratani ya kongosho. Aliipokea habari hiyo kwa utulivu, akauliza maswali mengi kuliko madaktari walivyotarajia, na alipoona njia inafupika alisema anataka kuzikwa Kichanga. Wazee wa Ileje hawakufurahi, walisema mtoto wao atalalaje kwenye ardhi isiyoshika hata mguu wa kuku, na mwezi wa saba mwaka huu walimtuma Osea amshawishi arudi kwenye migomba. Osea alikwenda na maneno yote aliyofundishwa, na dada yake alimsikiliza mpaka mwisho kama alivyokuwa akimsikiliza mwanafunzi, kisha akasema, "Osea, ninyi kule mko wengi. Mwanangu yuko peke yake." Mjumbe alirudi Ileje na jibu hilo, na wazee wakakubali.

Alifariki nyumbani kwake Tunduma, Alhamisi asubuhi, tarehe 4 Septemba 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe, na Lucky na Erica wakiwa kando.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbozi Mission na wa Mbeya, waliomhudumia kama mama yao, majirani wa Tunduma ambao jiko letu halijazimika tangu walipoingia, walimu wenzake, madereva waliotuleta bila kungoja kuombwa, Dokta Ferista aliyesafiri safari ndefu, na vijana wa Kichanga waliochimba kaburi jana. Mchanga uliwaporomokea mara kwa mara mpaka wakalazimika kujengea kwa matofali, na ilipofika mchana koleo la mmoja wao lilimwibua mjusi, akasimama ukingoni akibadilisha miguu yake, na vijana wote waliweka chini vyombo vyao, wakangoja mpaka alipoamua kuzama mwenyewe. Na wewe Bibi Anastazia, uliyeketi hapo mbele, tunakushukuru kwa kunyamaza, na tunakushukuru zaidi kwa kusema.

Marehemu ameacha mume na watoto wawili. Na kwa kuwa yupo mmoja ambaye hakuwahi kusomewa, familia zote mbili zimekubaliana kwamba asomewe leo, kando ya mama yake, na historia yake ni fupi. Gwalugano, binti wa Danford na Gwantwa, alizaliwa Kichanga tarehe 19 Novemba 1998, akafariki Kichanga tarehe 23 Novemba 1998, aliitwa jina lake mara moja, na mama yake, na sasa linatajwa kila mahali duniani wanapohesabu viumbe vya Mungu.

Pumzika kwa amani, Mama Gwalugano.